Mforosadi Ukilala

Mti ulipoanguka, Mwanakhamisi binti Alawi alikuwa chumba cha nyuma akichambua mchele. Hakusikia kishindo. Alisikia kitu kama mtu anayeshusha pumzi ndefu, halafu chumba kikabadilika rangi. Tangu azaliwe chumba kile kilikuwa na mwanga wa kijani, mwanga uliochujwa na majani. Sasa mwanga mweupe uliingia dirishani ukamwagika juu ya ungo, na chenga za mchele zikaonekana moja moja. Akakaa akizitazama kwa muda kabla ya kuinuka.

Nje, mvua ilikuwa imekatika. Mforosadi ulilala kifudifudi juu ya ua wa mabanzi, mizizi yake imetazama juu, myeusi, imeoza. Mchwa walikuwa wamekula moyo wa mti ule kwa miaka, kimya kimya, na majani yake hayakuwahi kusema lolote.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, pale Mlandege, Iringa. Mti wenyewe ulikuwa na umri mkubwa kuliko nyumba nyingi za mtaa. Mzee Alawi, baba yake Mwanakhamisi, aliuleta kutoka pwani zama za Mjerumani, alipopanda bara kuuza vitambaa. Aliuleta ukiwa tawi nene lililofungwa matambara mabichi, na watu wakamcheka kwamba mfanyabiashara gani huyu anayesafiri na kuni. Lakini tawi lilishika. Likawa mti mpana, wenye matawi yaliyopinda hadi karibu na ardhi, na kila mwaka kabla ya mvua kukolea ulizaa forosadi nyeusi tii, nono, laini mno kiasi kwamba hazikuweza kupelekwa sokoni. Ukizichuma zilipasukia vidoleni. Ilibidi uzile palepale chini ya mti, umevaa nguo ya zamani, na utoke hapo mikono imekuwa kama ya mchinjaji. Ukali ulitangulia ulimini, utamu ukafuata nyuma taratibu. Watoto wa chuo cha Kurani walichovya kalamu zao kwenye maji ya matunda yale, na mtaa mzima ukauita mti wa wino.

Iringa ilikuwa na miforosadi mingine, kwenye bustani za Wazungu huko mlimani. Ile ilikuwa na majani laini yanayong'aa, na matunda membamba, matamu kama maji ya sukari, basi. Mzee Alawi alikuwa akiitazama na kusema, "Ile ni binamu. Wenyewe ni huu."

Jashoda, jirani yake wa upande wa pili wa ua, alikuja na mapanga mawili. Alikuwa mke wa Umakant mwenye duka la vitambaa, na miaka yote alikuwa amekula matunda ya matawi yaliyovuka upande wake. Hakusema pole. Alimpa Mwanakhamisi panga moja, wakaanza kukata matawi ambayo bado yalikuwa na uhai, wakayachomeka kila mahali, kwenye madebe, kando ya kisima, nyuma ya jiko. Kila walipokata, maziwa meupe yalitoka na kutiririka, hayakukoma. Yale matawi yalisimama na majani yake kwa siku chache kama wagonjwa wanaojikaza mbele ya wageni. Kisha majani yakajikunja. Mvua zilipokwisha, vilikuwa vijiti vikavu tu, na Mwanakhamisi akavitumia kuwashia moto.

Jashoda akampatia mche mdogo ndani ya kopo, alioupata kwa mtunza bustani mmoja huko mlimani.

"Huu nao forosadi, dada," alisema.

Mwanakhamisi alipitisha kidole juu ya jani. Lilikuwa laini. Jani la mti wake lilikuwa na ukwaruzo kama ulimi wa paka. "Ahsante, ndugu yangu," alisema, akaupanda kwa heshima ya aliyeuleta.

Kulikuwa na mti mwingine wa aina ile. Mwanakhamisi alijua, au alijua kwamba huenda upo, ila jambo hilo hakulitamka mbele ya mtu.

Alikuwa na mdogo wake, Siwema. Siwema aliolewa na mtu wa Mbeya miaka ile watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu ya Lupa. Alfajiri ya kuondoka, kabla watu wa nyumbani hawajaamka, alichukua shoka la jikoni akakata tawi kubwa la mforosadi, lile lililotia kivuli mlango wa mama yao, akaondoka nalo. Mti ukatoka maziwa tangu jeraha hadi shinani, siku baada ya siku. Mwaka ule haukuzaa. Na mama yao akaanza kuugua, na kabla ya mvua nyingine akafariki. Njia ya Usangu ilikuwa imefungwa na maji, na Siwema hakufika mazikoni.

Mwanakhamisi alikuwa bado msichana, na msiba ulikuwa umempofusha. Alimtuma msafiri mmoja akamwambie Siwema maneno haya: "Umekata mkono wa mama."

Jibu halikurudi. Tangu hapo kila mmoja alisikia habari za mwenzake kwa watu wa njiani, nani kazaa, nani kafiwa na mume, na kila mmoja alisikia kama mtu anayesikia habari za nchi ya mbali.

Mwezi wa kumi na moja, Kalinga alishusha magunia ya mchele kwenye stoo ya Umakant. Alikuwa dereva wa lori, Mhehe wa Kilolo, mtu wa maneno machache, aliyebeba mchele wa Rujewa kwenda pande zote mbili, Iringa na Mbeya. Alipomaliza akaomba maji ya kunywa, na Jashoda akampitisha uani, ambako gogo la mforosadi sasa lilikuwa benchi.

"Kamwene, mama," alimsalimu Mwanakhamisi, akaketi. Akapapasa gogo. "Mti gani huu?"

"Mforosadi."

Kalinga akavuta shati lake mbele wote waone. Kifuani palikuwa na doa la zambarau, limefuliwa na kufuliwa na bado lipo. "Basi huu ndio ulioniharibia shati. Nilikula matunda yake Mbeya, juzijuzi. Majengo, nyumbani kwa fundi cherehani mmoja. Yanapasuka ukiyagusa tu."

Mwanakhamisi alilitazama lile doa. "Mwenye mti nani?"

"Mama yake huyo fundi. Mama wa watu wa pwani. Sasa akili zimemtoka kidogo, anakaa chini ya mti kutwa. Wanamwita mama Muhidini."

Kalinga akanywa maji yake, akarudisha kata, akaenda kuangalia magurudumu ya lori. Mwanakhamisi alibaki ameshika ukingo wa gogo.

"Nenda," alisema Jashoda.

"Sina mtu Mbeya."

"Basi nenda kwa mti."

Akaenda kwa mti. Hivyo ndivyo alivyojiambia njia nzima, ameketi mbele ya lori kando ya Kalinga, kikapu mapajani, na ndani ya kikapu panga lililofungwa kanga. Alipanga kukaa mpaka Ijumaa. Alipanga pia maneno ya kumwambia Siwema. Yalikuwa maneno makali aliyoyanoa kwa miaka, na kila lori liliporuka kwenye shimo aliyapanga upya.

Walipoteremkia Usangu, joto lilimlaza. Alikuwa akifumbua macho na kuona ng'ombe wakielea juu ya vumbi, hawana miguu, pembe zao ndefu zikisogea kama makasia. Akifumba, anamwona mama yake akifagia majani chini ya mti. Akifumbua, ni tambarare ileile, mchana uleule, na Kalinga anaimba kwa Kihehe kwa sauti ya chini. Hakujua tena kama anakwenda au anarudi, wala kama ni msichana au mwanamke mwenye mvi. Kisha barabara ikapanda, baridi ikaingia dirishani, na mlima Loleza ukatokea umejifunika ukungu mpaka mabegani.

Muhidini alikuwa barazani akishona. Alipoinua uso, mguu wake ukasimama juu ya cherehani. Hakuwa amemwona mwanamke huyu maishani mwake, lakini uso ulikuwa wa mama yake mzazi.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba. Mimi ni Mwanakhamisi."

"Mama mkubwa," alisema Muhidini, kama mtu aliyelitumia jina hilo kila siku. Akapokea kikapu, akamwita mkewe Zuena, wakampitisha uani.

Mforosadi ulikuwepo. Haukuwa mrefu. Ulikuwa umeegemea upande mmoja, tawi lake kubwa limeshikiliwa na nguzo yenye panda, mengine yamegusa ardhi, na kila tawi limejaa matunda meusi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka uani, na mti ulionekana kama unapumua ndani yake. Chini, kwenye mkeka, aliketi mwanamke mdogo wa umbo, mikono zambarau mpaka viwikoni. Aliinua macho.

"Mama," alisema Siwema. "Umekuja."

Mwanakhamisi alisimama.

"Mama, usinikasirikie. Nimelikata tawi."

Maneno yote aliyoyanoa njiani yalitafuta pa kutokea, hayakupaona. Yalimtoka mengine. "Mimi si mama," alisema. "Mama alikufa."

Siwema alimtazama. Kisha uso wake ukavunjika, akaanza kulia kilio cha mtu aliyeletewa habari ya kifo sasa hivi, akijipiga magoti, akiuliza amekufa lini, nani alimwosha, kwa nini hakuitwa. Zuena alikimbia akamshika. Muhidini akamvuta mama yake mkubwa pembeni.

"Sisi huwa hatumwambii," alisema kwa upole. "Kila akiambiwa, kwake ni msiba mpya."

Mwanakhamisi alihisi aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukitarajia. Siwema hakuwahi kufika kwenye msiba ule. Alikuwa peke yake ng'ambo ya maji ya Usangu, na salamu pekee aliyopata ilikuwa ile ya mkono wa mama. Mwanakhamisi akavua viatu, akaketi mkekani, akamweka mdogo wake kifuani. Akamwambia yote aliyoulizwa. Waliomwosha mama ni bibi yao na mwalimu wa kike wa chuoni. Alifariki asubuhi, alikuwa ametulia. Alimtaja Siwema. Wakalia pamoja mpaka ukungu ukageuka manyunyu na Zuena akawaingiza ndani, na waliolia hawakujua tena ni mwaka gani.

Kesho yake Siwema aliamka hana kumbukumbu ya kilio. Alimkuta Mwanakhamisi uani na uso wake ukajaa hofu ileile.

"Mama, usinikasirikie. Nimelikata tawi."

"Sijakasirika, mwanangu," alisema Mwanakhamisi. "Umefanya vema kulichukua. Njoo ule."

Siku ya Ijumaa alitoa panga kikapuni. Muhidini alikuwa amekwisha kumruhusu kukata tawi lolote atakalo. Alikuwa ameshika tawi moja nene lililoelekea ukutani, anapima pa kukata, aliposikia sauti ya Siwema kutoka mkekani, imara, sauti ya mwenye nyumba.

"Usikate. Mti uko macho."

Mwanakhamisi akageuka.

"Ukiukata uko macho, unalia," alisema Siwema. "Mimi niliukata uko macho. Ulilia njia nzima, ukanilowesha kanga ya harusi. Mume wangu akacheka. Nilivipanda vipande vyote, vyote vikafa, kikabaki kimoja, na hicho nacho ni Mungu tu. Ngoja ulale."

"Unalala lini?"

Siwema alikuwa ameshaanza kuokota matunda tena, mawazo yamekwenda. Zuena ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni. "Wakati wa kipupwe, mama mkubwa. Huku baridi ikishika, unapukutisha majani yote. Unakuwa kama umekufa."

Kipupwe kilikuwa ng'ambo ya mvua zote. Mwanakhamisi aliutazama mti, akamtazama mtu aliyeketi chini yake. Akalifunga panga kwenye kanga, akamwomba Kalinga apeleke salamu kwa Jashoda kwamba amwagilie mboga.

Basi akakaa. Mvua za Mbeya zilinyesha kama zimesahau kuacha. Nyumba ilinuka mvuke wa pasi ya makaa na vitambaa vipya. Mwanakhamisi alimwogesha mdogo wake, akamsuka, akamlisha uji. Siku nyingine alikuwa mama. Siku nyingine alikuwa mama mkwe, na Siwema alikaa kwa adabu, hainui macho. Kuna wiki nzima aliyokuwa mke wa karani fulani wa Chunya, akaulizwa habari za watoto asiowajua, naye akazitoa, wote wazima, wanasoma. Mwanzoni ilimchosha. Baadaye akaona ni kama kutembea ndani ya nyumba yenye vyumba vingi, anafunguliwa mlango huu leo na ule kesho, na katika kila chumba Siwema yumo, mzima, anamkaribisha.

Mchana mmoja, mvua ikiwa imepumzika, walikuwa wamekaa chini ya majani yanayodondosha maji. Siwema alikuwa ameshika tawi lililoshuka karibu na bega lake, analipapasa kama mtu anavyopapasa mkono wa mzee.

"Walinitumia salamu," alisema. "Kutoka nyumbani. Kwamba nimekata mkono wa mama."

Mwanakhamisi aliacha kushona.

"Nililia sana. Halafu nikasema, basi kama ni mkono wake, si ninao? Wengine wote wamemzika. Mimi nina mkono." Akatabasamu. "Nikijifungua niliushika. Baba Muhidini alipofariki niliushika. Ukiwa na jambo, shika. Si baridi."

Mwanakhamisi akanyoosha mkono, akashika. Gome lilikuwa limelowa na lilikuwa na mikunjo, na kweli halikuwa baridi. Hakukuwa na mtu wa kumwomba radhi, kwa sababu aliyekosewa alikuwa amekaa pale hana kosa analolikumbuka, na lile neno alilolituma ili lichome lilikuwa limepandwa, limemwagiliwa, likazaa.

Kipupwe kikaja. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na moshi wa majiko haukupanda, ulitambaa chini kama maziwa yaliyomwagika. Majani ya mforosadi yakageuka manjano, yakaanza kuanguka bila upepo. Siwema naye alilala sana siku hizo. Aliamka, akala kidogo, akarudi kulala, amefunikwa blanketi mbili, na Mwanakhamisi akawa anaweka kiganja mbele ya pua yake kuhakikisha. Mpaka asubuhi moja, jua lilipokuwa limetoka vizuri, Siwema alitoka mwenyewe, akaenda pole pole mpaka kwenye mti mtupu, akaweka shavu kwenye shina.

"Sasa umelala," alisema.

Muhidini alileta msumeno. Alikata matawi mazee, manene kama mkono wa mtu mzima, na pale yalipokatwa pakabaki pakavu. Halikutoka tone. Waliyafunga kwenye magunia yaliyoloweshwa, na udongo wa Mbeya ndani yake, na Kalinga akayalaza nyuma ya kiti chake mahali pasipopigwa na jua.

Siwema aliwasindikiza mpaka barabarani, ameshikwa na Zuena. Alimvuta Mwanakhamisi karibu, akamnong'oneza, "Usimwambie Mwanakhamisi kwamba umelichukua. Atakasirika."

"Hatakasirika," alisema Mwanakhamisi.

"Unamjua?"

"Namjua. Amebadilika."

Siwema aliitikia kwa kichwa, hakuonekana kuamini sana.

Iringa, yeye na Jashoda waliyapanda matawi yale, mengine uani kwake, mengine upande wa pili wa ua, moja nyuma ya msikiti mdogo, na moja Kalinga alilipeleka kwao Ilula, kwa dada yake anayelima. Kisha wakasubiri. Joto lilirudi. Ule mche wa mlimani ukachipua mapema, ukajaa majani mazuri yanayong'aa. Matawi ya Mbeya yalisimama kama nguzo. Watoto walianza kuyatundikia nguo. Ilipofika mwezi wa kumi Mwanakhamisi aliacha kuyatazama, maana kuyatazama kulimuumiza.

Jashoda ndiye aliyekwaruza gome la mojawapo kwa kucha, akamwita. Chini ya kahawia palikuwa na kijani, chembamba kama uzi.

"Huu mvivu kuamka," alisema Jashoda. "Lakini mzima."

Yalikuwa mawili tu yaliyoamka pale mtaani, moja kila upande wa ua. La msikitini halikushika. La Ilula likashika, wakaja kupata habari baadaye sana. Jani la kwanza lilipokunjuka Mwanakhamisi aliligusa, likamkwaruza kidole.

Tangu hapo alikwenda Mbeya kila mwaka wakati wa matunda. Siwema alikuwa akipungua, umbo na maneno, na kila mwaka Mwanakhamisi alikuwa mtu mwingine kwake. Hakujali tena ni nani, alikuwa amezoea kuitikia jina lolote. Mwaka wa hamsini na nane alifika jioni, akamkuta amelala, hakumsumbua. Asubuhi alimkuta ameshatolewa nje, ameketi mkekani na blanketi mabegani, kikombe cha chai mkononi. Siwema alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Mwanakhamisi," alisema.

"Naam, mdogo wangu."

"Umekuja lini?"

"Jana jioni."

"Mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa umechoka."

Siwema akasogea, akampa nafasi mkekani. Walikunywa chai. Walizungumza kuhusu Muhidini na mtoto wake mpya, kuhusu bei ya kanga, kuhusu njia, kwamba Usangu safari hii ilikuwa kavu. Hawakuzungumza kuhusu tawi wala mama. Chai ilipokwisha Siwema akauliza kama yule mke wa karani wa Chunya hajambo, na Mwanakhamisi akasema hajambo, anasalimu. Kisha Zuena akatoka na mabakuli, na wote watatu wakaanza kuchuma forosadi zile zilizokuwa chini chini, kabla jua halijakuwa kali.